Nilimpa Maziwa, Kumbe Ni Nyuki

Admin, nifichie jina, huku Kasulu tunajuana. Nina miaka 34, mjane wa miezi mitano, watoto watatu. Watu wananisifu eti mvumilivu kwa sababu sijalia. Si uvumilivu, ni ganzi tu.

Mume wangu alirina asali tangu ujana. Kuumwa na nyuki kwake ilikuwa kawaida, akivimba jicho tunamtania. Siku hiyo asubuhi alipita kwa mdogo wake, akanywa kikombe kimoja cha pombe ya ndizi, ndipo akaenda kwenye mizinga. Alirudi mapema anajikuna, vipele mwili mzima. Akasema, "Kaniuma mmoja tu, hapa shingoni." Mwiba niliuona, nikautoa kwa ukucha. Mara midomo ikavimba, akatapika, sauti ikakauka, kifua kikawa kinalia.

Mama mkwe akasema, "Mwana wanje, mwanangu huyu, kapewa kitu kule alikokunywa. Leta maziwa." Kwetu mtu akilishwa sumu ananyweshwa maziwa. Na mimi nikaona nyuki mmoja hawezi kumwangusha mrina asali. Bodaboda ya jirani ilikuwa imeegeshwa pale nje. Niliipita nikaenda kuomba maziwa. Tukamnywesha, akatapika, tukamnywesha tena. Tunamfikisha hospitali, ameshakata roho.

Daktari aliniita peke yangu. "Huu ni mzio wa nyuki. Hata aliyezoea kuumwa unampata, na nyuki mmoja anatosha. Ukiona vipele, midomo imevimba na pumzi inabana, usimnyweshe kitu, mkimbize. Anatakiwa kuchomwa sindano ya adrenalini haraka." Nikajibu, "Sawa daktari." Natoka nje, mama mkwe ameshawaambia watu ni sumu. Nikanyamaza.

Sasa shemeji yangu, huyo mdogo wake aliyempa pombe, hasalimiwi na mtu. Kahamia Kibondo na mkewe. Jumapili ukoo unakaa kumnyang'anya sehemu yake ya shamba la baba yao. Nikisema ukweli, itabidi niseme na mwiba niliuona, na maziwa nilileta mimi. Mama mkwe ndiye anayebaki na wanangu nikienda kulima. Naona aibu kuliko uchungu.

Juzi shemeji alinipigia. Akasema, "Shemeji, nimewaza sana. Labda kile kikombe kweli kilikuwa na kitu, mimi sijui. Nisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe.

Ndugu zangu, Jumapili ni keshokutwa. Nishaurini, naanzia wapi kusema?