Kitabu cha Daktari

Juzi nilimpeleka binti yangu kliniki fulani pale mtaa wa Pioneer, nikajiona kwenye picha ukutani: mimi mdogo nimekumbatia kitabu, daktari ameniwekea mkono begani. Chini wameandika, "Tunapenda watoto wasome." Uongo mtupu!

Mchana ule wa kupigwa picha, kliniki ilinuka spiriti, na kikohozi kilikuwa kinanikaba. Daktari alinipa kitabu chenye fisi aliyevaa gambuti. Picha ilipopigwa tu, akakinyakua kabla sijafungua ukurasa wa pili.

Mama akamwomba, "Daktari, si umwachie aende nacho nyumbani?"

"Mama, hiki ni cha kupigia picha tu."

Mimi nilidhani mgonjwa hapewi kitabu, kwamba nikipona nitaitwa. Nikanywa ile dawa chungu bila kulia, ili niitwe haraka.

Nilipona kitambo, daktari. Kitabu changu kiko wapi?