Nyuki wa Baba Mkwe

Niliwaua nyuki wa baba mkwe wangu Jumamosi moja saa tatu asubuhi, nikiwa na bomba la dawa mgongoni, tena nikiimba. Wakati huo hakuwa baba mkwe bado. Alikuwa jirani tu, mzee aliyestaafu kutoka kiwanda cha saruji kule Athi River, ambaye mwanawe alikuwa amenifanya nisahau hata siku za juma.

Mwanawe huyo alikuwa fundi wa magurudumu ya malori mjini Mlolongo, na kila mwisho wa wiki alirudi nyumbani, upande wetu wa Kithyoko. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, mtu mzima mwenye akili zake, lakini nilikuwa nikiosha vyombo huku nachekacheka peke yangu mpaka mama akauliza kama nina homa. Baada ya miezi miwili wazee wake wangekuja kwetu na mbuzi wa ntheo. Mbuzi hao ni watatu, na kwa sisi Wakamba bila wao hujaolewa, hata ukiwa na cheti cha kanisa kilichopigwa muhuri.

Basi ile Jumamosi, vidukari walikuwa wamevamia matikiti yetu. Mama aliniagiza nipige dawa jioni, maua yakishajifunga na nyuki wakisharudi kwao. Lakini jioni nilikuwa na miadi, na kabla ya miadi nilikuwa na nywele za kusukwa. Nikaona asubuhi ni sawa tu. Mwenye duka alikuwa amesema kifuniko kimoja cha dawa kwa bomba moja la maji. Nikatia vitatu, ili asibaki mdudu hata mmoja wa kupeleka habari nyumbani. Maua ya manjano yalikuwa yamefunguka yote, nyuki wamejaa ndani, nami nikapita nikinyunyiza kushoto na kulia kama padre na maji ya baraka. Saa nne na nusu nilikuwa nimekaa mbele ya msusi.

Jumatatu habari ikatufikia. Mzee alikuwa na mizinga tisa ya magogo, ameitundika kwenye migunga ya mpaka wetu, na alijivunia nyuki wake kuliko kiinua mgongo chake. Alikuwa amekwishatangaza sokoni kwamba ntheo ya mwanawe itaandamana na ndoo nzima ya asali, si ile ya chupa iliyochanganywa na sukari. Sasa chini ya mizinga sita nyuki walikuwa wamelala wafu, wengi wa kuzoa kwa koleo. Wengine walikuwa bado wanajizungusha mchangani kwa mgongo, na wale wa mizinga mitatu iliyobaki walikuwa wamehama.

Hapo mzee akafanya kosa ambalo kwetu mtu yeyote angelifanya. Hakufikiria dawa. Alifikiria mtu. Alisema kuna adui aliyeionea wivu harusi, akawatupia nyuki uchawi, na baada ya kupiga darubini kijiji kizima akamchagua mzee mwenzake aliyeimba naye besi kwenye kwaya. Akatuma ujumbe kwetu kwamba mbuzi hawatatoka zizini mwake mpaka adui huyo akiri, maana hawezi kumwoza mwanawe wachawi wakitazama. Mama akajibu kwamba ataomba usiku na mchana adui apatikane. Mimi nilikuwa nachuja chai, nikaimwaga nusu mezani.

Nilinyamaza karibu wiki mbili. Ningependa kusema nilikuwa natafakari, lakini ulikuwa woga mtupu. Shamba nalo likaanza kunisema. Ua la kike lilifunguka asubuhi, likajifunga jioni, na kile kitikiti kilicho nyuma yake, cha ukubwa wa kidole gumba, kikageuka njano na kudondoka. Hakukuwa na wa kubeba chavua. Mvumo wa asubuhi ambao sikuwahi hata kuusikia, sasa ndio nikausikia kwa kuwa haupo. Kwenye mfereji nilimkuta chura tumbo juu. Nilisimama pale nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumamosi ya pili, alfajiri, nilimpeleka mchumba wangu katikati ya matuta nikamwambia kila kitu. Nilitarajia anikemee. Aliketi chini akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akanieleza kwamba baba yake ameacha kuimba besi, amehamia kwa wanaoimba teno ili asisimame karibu na mchawi, na kwamba sauti inayotoka ni ya mbuzi anayevutwa kwa kamba. Nikacheka nami, machozi yakanitoka, sikujua ni ya nini hasa. Kisha akajifuta uso, akasema kwamba kwa kuwa nyuki hawapo, kazi yao itabidi tuifanye sisi.

Unachuma ua la kiume, unayatoa majani yake ya manjano, halafu unapapasa chavua yake kwenye ua la kike, polepole, kabla jua halijawa kali. Tulifanya hivyo Jumamosi, na Jumapili tena kabla ya misa. Vidole vile vya fundi, vyeusi kwa grisi, vilishika ua kwa adabu hata nikalionea wivu ua. Nikamwita nyuki dume. Akajibu kwamba kwa anavyojua yeye, nyuki dume hafanyi kazi hata siku moja. Tulifikia maua mia hivi kabla migongo haijagoma, kazi ambayo nyuki wangeimaliza kabla ya chai. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyelewa bila kunywa, na katikati ya furaha hiyo nikajua siwezi kumwacha yule mwimbaji wa besi abebe kosa langu.

Baada ya misa nikaenda kwa mzee peke yangu. Alikuwa anasafisha mzinga mtupu kwa kisu. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya nywele. Aliniuliza nilipiga dawa saa ngapi, akaniuliza vifuniko vingapi, kisha akaweka kisu chini.

"Mwiitu, binti yangu," akasema, "mimi nilikuwa nangoja siku ya kuja kwenu na mbuzi. Kumbe nyuki hawa walitangulia. Kila asubuhi walikuwa wanaenda kwenu, wanawafanyia kazi, na hakuna mtu aliwatuma. Na wewe umewapokea hivyo."

Nililia, naye akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Ndipo akasema mbuzi watakuja siku ile ile, asali haitakuwepo, na yeye mwenyewe ataenda kumwomba mwenzake msamaha. Niliona hilo la mwisho lilimuuma zaidi.

Wakaja kweli. Akina mama waliimba, mama yangu akacheza akiwa na kiatu kimoja, na mbuzi mmoja akala maua ya plastiki ya mezani kabla hajapokewa rasmi. Baada ya nyama na muthokoi nikaleta matikiti, kumi na saba yaliyokubali mikono yetu, yamekatwakatwa kwenye sinia. Mzee akachukua kipande, akakinusa, akakiinua mbele ya macho.

"Hii ilipigwa dawa lini?"

Wageni waliokuwa wameshika vipande wakabaki navyo hewani. Miaka yote tuliyouza matikiti, malori na malori ya Nairobi, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na mimi sikuwahi kujiuliza. Nikamjibu mbele ya watu wote: mara moja tu, wiki nane zilizopita, Jumamosi saa tatu asubuhi, vifuniko vitatu, na tangu siku hiyo bomba halijatoka stoo. Mzee akauma. Watu wote, mama yangu akiwa wa kwanza, wakangoja ameze.