Mbuzi wa Mazoezi

Bado nina hasira, lakini acha niseme. Miezi mitatu nilinyanyua jerikani mbili za mchanga hapa nyumbani Mvara, na mikono ikabaki myembamba kama miiko ya ugali. Rafiki yangu akasema mwili umezoea, nibadilishe zoezi.

Basi asubuhi nikamkuta uani mbuzi wetu mweusi, yule ambaye shemeji alitutumia kutoka Koboko. Nikambeba mabegani, nikaanza kuchuchumaa na kusimama. Mbuzi akalia kama anachinjwa.

Jirani yetu, Mama Candiru, akatokea mbio.

"Mwizi! Iko beba mbuzi yangu!"

Watu wakajaa, wengine na fimbo. Nikawaka. Mimi, mwalimu mzima, niitwe mwizi uani kwangu?

"Mama, heshimu watu! Mbuzi hii ni yangu. Mimi iko fanya mazoezi tu!"

Nikakataa hata kumshusha. Nikamwita mke wangu aje awafunge midomo.

Akatoka nyuma ya jiko akivuta kamba, na kwenye kamba alikuwapo mbuzi mweusi, anatafuna majani ya muhogo.

"Baba Ayiko," akauliza, "sasa hiyo iko kwa mabega ni ya nani?"