Madirisha ya Nyumba Tatu

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka vizuri kuliko siku niliyofunga ndoa, na mama yako mdogo asije akanisikia. Ilikuwa Jumamosi, hapa hapa Kibaha, kwenye chumba nilichopanga Maili Moja. Baba yangu alikuwa njiani anatoka Kisarawe, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, anakuja kuona kompyuta niliyomwambia nitaiunda. Na mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nakandamiza kitu kwa dole gumba.

Kitu gani, nitakwambia. Kwanza ujue kwa nini nimeikumbuka. Juzi ulivuta lile boksi lako kutoka uvunguni, ukanionyesha RAM uliyonunua mwezi wa Ramadhani na kadi ya picha uliyoipata kwa mtu wiki iliyopita. Ukasema bado ubao na prosesa, utavipata taratibu. Nikavigeuzageuza mkononi. Ulidhani nimevutiwa, kumbe nilikuwa najiona mwenyewe.

Nilikuwa kijana mwenye kiherehere cha kujua vitu. Redio ya nyumbani ikiharibika naifungua, na ikiwa nzima naifungua pia. Kwetu ni Masaki, nasema Masaki ya Kisarawe, ya muhogo na mikorosho, siyo ile ya wenye nazo kule Dar. Nilikuja Kibaha kubeba mizigo kwenye stoo moja, na huko ndiko nilikoona watu wamejazana nyuma ya kijana anayecheza gemu la mbio za magari kwenye kompyuta. Wenzangu walitazama magari. Mimi nilizunguka nyuma ya kasha nikachungulia kwenye matundu, nijue kinachoyaendesha ni nini. Nikaapa nitaunda ya kwangu, nijifunze ufundi, watu waje kucheza kwangu.

Baba hakuupenda mji, lakini alinipa nafasi. "Nakupa misimu miwili," alisema. "Korosho za msimu wa pili zikianza kudondoka, nitakuja kuiona hiyo mashine. Nikiikuta inafanya kazi, baki na ufundi wako. Nisipoikuta, tunarudi wote, shamba lina kazi." Na baba akisema, amesema.

Sasa mfuko wangu ulikuwa mwembamba, na mwalimu wangu wa kununua vitu alikuwa mwenye nyumba, Mama Nakunda, nesi, Mpare wa Same. Alikuwa anajenga nyumba nyingine kama wengi wetu tunavyojenga huku Pwani: mwezi huu bati tano, mwezi ujao nondo, mwakani mlango. Vitu vyake vilipangwa ukutani chini ya turubai, na kila asubuhi nikipita kwenda kazini naviona vimeongezeka. Nikasema, basi hata mimi nitafanya hivyo hivyo.

Nikaanza na prosesa, maana niliambiwa ndiyo ubongo wenyewe. Ikapita miezi, nikashuka Kariakoo nikarudi na RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini. Ikapita mingine, nikapata kadi ya picha, ile inayofanya gemu ling'ae na lisikwamekwame. Mwisho nikanunua ubao mama, ambao vyote hivyo huchomekwa juu yake, na kasha lenye pawa saplai ndani, ile inayogawa umeme. Kila kimoja nilikichukua kwa sababu siku hiyo kilikuwa kizuri na kimepunguzwa bei. Sikuwahi kuvikutanisha hata mara moja. Navifunga kwenye kipande cha kanga, navisukuma uvunguni, nalala najiona tajiri.

Lakini bati likikaa mwaka linabaki bati. Vitu vya kompyuta havina tabia hiyo. Wakati mimi nakusanya, huko viwandani walikuwa wameshabadilisha jinsi ubao unavyoshika prosesa, wamebadilisha aina ya RAM, na hata tundu la kadi ya picha wamelibadilisha. Mimi huku Maili Moja sina habari. Kazi ya kuviunganisha nilikuwa nimeiacha mpaka siku yenyewe, asubuhi, baba akiwa njiani, kwa kiburi cha kwamba litakuwa jambo la nusu saa.

Basi prosesa ikagoma kukaa. Nikaigeuza hivi, ikagoma. Nikaigeuza vile, ikagoma. Nikasema labda inataka nguvu, nikaweka dole gumba nikakandamiza. Ikatoa mlio mdogo, kra. Nilipoiinua, miguu yake ya chini, ile midogo kama ncha za sindano, ilikuwa imelala upande mmoja. Na hapo hapo nikasikia hodi.

Nilitupia kila kitu ndani ya kasha, nikafunga mfuniko, nikachomeka waya ukutani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Iko wapi?"

"Hii hapa, baba. Ila leo umeme ni mdogo. Hauwezi kuiwasha."

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu, tena kwa sauti ya mtu mzima anayejua mambo. Baba akalitazama kasha, akautua mfuko wa muhogo aliouleta, akakaa kitini. "Basi tutausubiri," alisema.

Na kweli akausubiri. Alikwenda kuswali adhuhuri akarudi, akakaa tena. Alikuwa mtu wa kuuliza, huko ndiko nilikorithi, kwa hiyo kila baada ya muda ananitupia swali. Umeme wa kompyuta na wa taa ni tofauti? Tofauti, baba. Mbona taa inawaka vizuri? Taa haili sana, baba. Ukipungua, hupungua nyumba nzima au chumba hiki tu? Uongo mmoja ukanilazimisha niuzalie wenzake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyapokea majibu yale kwa heshima, anatikisa kichwa, kama mwanafunzi.

Alasiri Mama Nakunda akaja kumsalimia mgeni. Baada ya salamu akanigeukia. "Vipi, si uliniambia leo unaiwasha?"

"Umeme mdogo, mama," nikasema, nikitazama chini.

"Mdogo wapi? Mbona nimepiga pasi sare zangu tangu asubuhi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba hakugomba. Alivaa miwani, akashuka kitini akakaa kwenye mkeka. "Fungua hilo kasha," alisema.

Tukavitoa kimoja kimoja. Aliichukua ile prosesa akaigeuza mwangani, kisha akauchungulia ubao. Huyu mtu hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake, lakini alikuwa ametia mipini majembe mangapi. "Tazama," alisema. "Hiki kina miguu. Na hapa kinapotakiwa kukaa pana vijisindano vyake. Dume na dume. Ulitaka vishikane wapi?" Akachukua RAM, akaonyesha kijipengo kilichokatwa chini yake na kijiukuta kwenye nafasi ya ubao. Havikukutana. Akaijaribu kadi ya picha kwa upole bila kuisukuma, na tundu lake halikuwepo kabisa. Alikuwa anafurahia uchunguzi ule, mwanangu, na hapo ndipo nilipotaka kulia.

Kisha akavua miwani. "Sikuja kukuaibisha," alisema. "Ningekuta haviingiani, ungeniambia haviingiani, tukavitazama wote kama hivi, ningejifunza kitu. Wewe umenikalisha kutwa nzima nasubiri umeme ambao upo."

Mama Nakunda, ambaye hakujua kuficha neno, akaongeza lake. "Na nani alikwambia mimi nilianza na bati? Nilianza na ramani. Mlango ninaoununua leo najua utakaa ukuta upi na upana wake. Wewe uliona turubai tu. Umenunua madirisha ya nyumba tatu, na yako yenyewe hujaichora."

Jioni ile nilirudi Masaki na baba, na vitu vyangu kwenye kipande cha kanga. Nikaokota korosho msimu mzima. Lakini kila tukipumzika mchana, baba ananiambia lete vile vidude, anakiinua kimoja ananiuliza: hiki mwenzake ni yupi? Nisipojua, naandika swali kwenye daftari, na siku nikienda Kisarawe mjini natafuta fundi wa kumuuliza. Msimu ulipokwisha, ukurasa mmoja ulikuwa na kompyuta nzima, kila kitu na mwenzake. Baba aliutazama, yeye asiyejua kusoma vizuri, akasema, "Sasa nenda."

Niliuza vile vilivyokuwa bado vizima, nikaongezea pesa za korosho, nikanunua vyote siku moja, vya kawaida kabisa, tena vingine vilishatumika. Muuzaji alinisifia kadi kubwa zaidi. Nikamuuliza, pawa saplai hii itaweza kuilisha? Akacheka, akairudisha kabatini. Sikutoka dukani mpaka nimeiona inawaka. Kisha nikamwita baba Kibaha. Alikaa kwenye kiti kile kile, nikabonyeza, feni zikazunguka, magari yakatokea kwenye skrini. Akavaa miwani akayatazama. Akanigeukia.

"Naona leo umeme ni mkubwa," alisema.

Tulicheka mpaka Mama Nakunda akaja kuuliza kuna nini. Nilibaki na ufundi wangu, na huo ndio ulionilea mpaka leo mnaponiita mzee.

Basi mwanangu, weka akiba ya pesa, usiweke akiba ya vifaa. Amua kwanza gemu unalotaka kucheza, kisha chora ramani: prosesa na ubao vinavyoshikana, na uulize kama ubao huo unaitambua prosesa hiyo, maana vinaweza kuingiana na visielewane. RAM iwe ya aina ya ubao huo. Kadi itoshe ndani ya kasha, na pawa saplai iweze kuvilisha vyote na nguvu ibaki. Pesa ikitimia ndipo ununue, kwa mkupuo mmoja, uvijaribu ukiwa bado dukani. Bajeti ndogo haina aibu, aibu ni kupenda kitu bila kumuulizia mwenzake. Kikigoma, kiinue ukitazame, dole gumba liache lipumzike. Na hata baada ya yote hayo kisipowaka, usimwambie mtu umeme ni mdogo. Sema haviingiani, halafu sogea, mpishe nafasi kwenye mkeka mtazame wote.

Jumapili lete hilo boksi, nami nitakuja na miwani. Mungu akupe macho ya kuuliza na mikono isiyolazimisha, na siku utakapobonyeza, iwake, na awepo karibu yako mtu uliyemwambia kweli.