Ng'ombe wa Jasusi

Sinema ilifika Karatu mchana wa siku ya mnada, tukaiweka ndani ya ukumbi wa kanisa. Giza tulilitengeneza wenyewe: wafugaji walioshuka kutoka Nainokanoka walivua shuka zao za juu, tukazitundika madirishani. Mimi, mwalimu kijana wa shule ya msingi, nilisimama kando ya kitambaa cheupe nikitafsiri Kiingereza.

Ilikuwa picha ya jasusi. Amejipenyeza nyumbani kwa adui, anakula na kunywa naye, huku akimtafuta msaliti aliyeuza siri za nchi yake. Sijawahi kuona kitu kitamu namna ile! Mwishoni jasusi akamshika msaliti bega, akaanza kumgeuza amwone uso…

Ukumbi ukajaa jua. Picha ikafutika.

Mzee mmoja mfugaji alikuwa amevuta shuka yake kutoka dirisha kubwa, anajifunga aondoke.

"Mzee, turudishie usiku wetu!" mama muuza vitunguu akapiga kelele.

"Mtu amekunywa kwa mwenzake, halafu anampeleleza?" mzee akajibu. "Shuka yangu haimfichi mtu wa hivyo."

Mwenye mashine ya sinema alikuwa anaondoka na mkanda wake kwenda Arusha jioni ileile. Nife bila kumjua msaliti? Nikamkimbilia mzee, nikainamisha kichwa kumwamkia, akanigusa utosini.

"Baba, twende polepole. Ng'ombe wako wakiibwa, unawafuata kwa kelele?"

"Hapana. Unatuma kijana kwanza. Anafika kama mgeni, anaangalia zizi."

"Akipewa maziwa?"

"Anakunywa." Akakigeukia kitambaa cheupe. "Kumbe huyu ametumwa ng'ombe?"

Niliwaza: siri, ng'ombe, vyote ni mali iliyoibwa. "Ametumwa, baba."

"Si ungesema mapema!" Akapanda benchi, akaitundika shuka mwenyewe.

Mashine ikawashwa tena: msaliti alikuwa mkubwa wa kazi wa jasusi mwenyewe! Tulipiga mayowe hadi mabati yakatetemeka. Mwenye mashine akaanza kukunja waya, lakini mzee alisimama mbele ya dirisha, fimbo mkononi.

"Bado. Ng'ombe hawajaonekana."

Tulimsihi, wapi! Mwenye mashine akacheka hadi akakaa chini. "Arusha itasubiri," akasema, akarudisha mkanda mwanzo.

Nikatafsiri tena. Safari hii kila siri niliiita ng'ombe, na ukumbi mzima ukalia "mooo!" Mwishoni jasusi alipomkabidhi waziri wa nchi yake bahasha yenye zile siri, nikatangaza: "Wamerudi wote, hata ndama!"

Mzee akaishusha shuka yake.