Kiriba cha Mwalimu Hind

Shangazi yangu Hind alikuwa mwalimu wa sayansi Unguja, mwalimu wa kweli, si wa kukaa kitini na kusomea watoto kitabu. Akifundisha seli ya mmea aliingia darasani na mtungi. Ndani ya seli, akisema, mna ghala la maji liitwalo vakuoli. Basi ghala lenyewe ndilo hili. Wanafunzi wakaelewa. Lakini mtungi haunyauki kama jani likikosa maji, na hilo lilimkera miaka yote.

Mwaka 1964 tulikimbilia Maskati, kwa asili ya babu zetu, ambako watu walituita Wazanzibari kana kwamba tumepotea njia. Tulipanga chumba kimoja Matrah, mji wa jirani. Kitu cha kwanza alichokipenda shangazi huku, na nadhani cha pekee, ni kiriba cha mchota maji: ngozi ya mbuzi, ikijaa inatuna na kukakamaa, ikipungua inalegea.

"Muhsina, njoo utazame," aliniambia. "Vakuoli hasa ndo hii. Maji yakijaa inasukuma ukuta wa seli, mmea unasimama. Yakipungua, jani linalala."

Akanunua kiriba chake. Skuli ya wasichana haikuwapo, kwa hiyo darasa lake lilikuwa mimi peke yangu, sakafuni, tukishamaliza kuosha vyombo. Siku moja nikamuuliza uchafu wa mmea unakwenda wapi. Akacheka. Akasema mmea hauna choo wala jaa. Taka zake nyingine, na uchungu wake, unaziweka humohumo ndani ya vakuoli na kuishi nazo.

Miaka sita alingoja. Mwishoni mwa 1970 ikafunguliwa skuli ya wasichana, wakatafutwa walimu. Shangazi alifua buibui lake, akakipangusa kiriba, akanichukua nimsaidie kukibeba. Alikuwa na furaha ya mtoto wa siku ya Idi, na mimi nilimwonea fahari.

Mudira, mwalimu mkuu aliyeletwa kutoka nchi nyingine ya Kiarabu, alimpa nafasi afundishe darasa moja, yeye na walimu wengine wasikilize. Shangazi akajaza kiriba, akakikumbatia, akaanza. Kiarabu chake kilikuwa cha bibi yake, cha jikoni na cha sala. Kiriba wasichana walikijua, hata jina kwa Kiarabu ni hilohilo. Wakasogea, mmoja akakibonyeza. Ila vakuoli hakujua wanaiitaje. Akaitaja kwa Kiingereza, akasita, akaingiza Kiswahili. Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na kiriba nacho kikavuja juu ya saruji mpya.

"Ondoa ngozi hiyo," mudira alisema. "Watoto hawa tunawatoa huko kwenye viriba, wewe unawarudisha."

Hawakumfukuza, na hiyo ndiyo hasira yangu mpaka leo. Walisema anaonekana mwaminifu, wakampa funguo za stoo. Mwalimu wa Unguja akawa mgawa chaki na sabuni, na walimu wasiojua hata jina lake wakimwita kwa kugonga mlango. Kiriba alikitundika msumarini nyuma ya mlango huo, kikakauka, kikajikunja.

Siku moja nilimkuta anapanga masanduku ya chaki. Darasa la jirani walikuwa wakikaririshwa sehemu za mmea, na walikuwa wakizikosea.

"Shangazi," nikamuuliza, "unawezaje kunyamaza?"

Hakuacha kupanga. "Nlikufunza, mwanangu. Mmea hauna pa kutupia."