Godoro Lililobaki na Nailoni

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na moja, na shida ilianza hapo. Mvua ilikata kwetu Busi, Kondoa, baba akafariki, watoto tukagawanywa. Mimi nikapelekwa Dodoma mjini kulea mtoto wa karani mmoja. Darasa la tatu sikulimaliza. Miaka sita nililala jikoni pembeni ya gunia la mkaa, na nguo nilibadilishia nyuma ya gunia hilo huku nikisikiliza kama kuna miguu inakuja. Sisemi nihurumiwe. Nasema mjue kwamba habari ya kulea mtoto wa mtu kwenye nyumba ya mtu sikuipata kwenye semina.

Mwanangu wa kiume ana digrii mbili, nilizilipia kwa mafuta ya alizeti. Yuko wizara ya kilimo, Mtumba, Dodoma. Mkewe naye yuko wizarani, jengo la jirani. Wana watoto wawili wadogo na nyumba ya vyumba vitatu: cha kwao, cha watoto na cha wageni.

Mwaka jana alinipigia simu. Msichana wao wa kazi, binti wa kijiji cha Kolo, wa miaka ishirini na mbili, alikwenda kwao kumsalimia mama yake na hakurudi. Mwanangu akaniomba nije "nikae kidogo na wajukuu". Nikamuuliza kwa nini asitafute mtu wa kuja asubuhi na kuondoka jioni. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wakulima, kwamba wao wanatoka saa kumi na mbili alfajiri na kurudi saa mbili usiku, na mtu wa kutwa ni ghali. Dada wa kukaa ndani ni nafuu. Anakula hapo, analala hapo, halipi nauli wala kodi. Mtoto akiumwa, yupo.

Nilikaa siku tisa. Nimezaa watano na nimepasua kuni mpaka mikono ikawa kama gome, lakini kazi ile ilinitoa jasho. Unaamka kabla yao kuchemsha uji. Unavalisha, unafua, unapika, unabeba, unatenganisha ugomvi. Wenye nyumba wakirudi wanasema wamechoka, kwa sababu wamekaa kwenye viti kutwa nzima. Mkwe wangu aliwahi kuniuliza kwa upole kama mchana huwa napata muda wa kupumzika. Nikamwambia napumzika sana, anapokuwa kazini napanda kitandani na mwanawe mgongoni.

Lakini kilichonikera zaidi ni godoro. Walinipa chumba cha wageni. Kitanda cha mninga cha futi sita, na godoro bado limevaa nailoni ya dukani. Kila nikijigeuza linapiga kelele kama mfuko wa karanga. Nikauliza, tangu nyumba iishe, amelala nani humu? Mkwe akasema hakuna bado, wanalitunza. Na yule binti alikuwa analala wapi? Kwenye chumba cha watoto, mkeka katikati ya vitanda viwili, nguo zake kwenye ndoo yenye mfuniko.

Nikampigia binti. Akanisalimia vizuri, shikamoo bibi, akawaulizia watoto mmoja mmoja. Nikamwambia asinizungushe, kimemkimbiza nini?

"Bibi, kazi naiweza," akasema. "Ila mwaka mzima nabadilishia nguo chooni. Na chooni kwenyewe wananigongea."

Nilinusa mkaa.

Jumamosi niliwakalisha wote wawili. Nikasema binti atarudi, Jumapili ni yake, na chumba cha wageni ni chake, pamoja na komeo la ndani. Mwanangu akasema Jumapili inazungumzika, ila chumba hapana.

"Sasa mama, wageni wakija tutawalaza wapi?"

"Mgeni wa nyumba hii ni mimi peke yangu. Nitalala kwenye kochi."

Mkwe akainama. "Mama, watu watasema mama mkwe analala sebuleni na dada ana chumba."

"Waseme. Mgongo ni wangu."

Nikamwambia mwanangu kwamba asipotaka, Jumatatu napanda basi la Kondoa, na wao wakawalee watoto wizarani, chini ya meza. Kisha akaenda dukani, akarudi na komeo na skrubu nne, akalifunga mwenyewe kwa ndani ya mlango, kombo kidogo. Mimi nikachukua kisu cha jikoni nikachana ile nailoni.

Chumba kilishajengwa. Kitanda kilishanunuliwa. Gharama iliyowashinda watu wawili wenye digrii ilikuwa komeo. Binti alirudi, na leo wanajisifu kwa wenzao kwamba wamepata dada mtulivu, hana haraka ya kuondoka, na watoto wamenenepa. Nawaacha wajisifu.

Mimi niliyelala na mkaa leo nina mashine ya kukamua alizeti, Busi. Nyumba ya bati, vyumba vitano, kila mlango na komeo lake. Ekari kumi na nne. Ng'ombe saba, mbuzi sijahesabu wiki hii. Pikipiki moja, anaendesha mjukuu. Na kochi moja mjini kwa mwanangu, fupi, miguu inaning'inia.